Spika ya Mama Shadiah

Watu wa Namakwekwe, mtaa wa mji wa Mbale nchini Uganda, walizoea kuamshwa na Hadijah. Kabla maduka hayajafunguliwa, spika mbili zilizofungwa juu ya mlingoti wa mkaratusi nyuma ya nyumba yake zilikoroma, zikakohoa, kisha sauti yake ikatoka, nzito na tulivu. Ilieleza nani amefariki na atazikwa wapi, mbuzi wa nani amepotea, watoto watachanjwa katika uwanja gani. Alitangaza kwa Lumasaba, akarudia kwa Luganda, akamalizia kwa Kiswahili.

Hicho Kiswahili hakikupendwa tangu mwanzo. Hadijah ni Mnubi, wa kabila lililotoa askari wengi zamani, na marehemu baba yake alikuwa mmoja wao. Wazee wa mtaa walikikumbuka kama lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki anayekuuliza umetoka wapi na umebeba nini. Siku za mwanzo mzee mmoja alimjia akamwambia kwamba akisikia ile "tangazo, tangazo" yake, mikono inamtetemeka hata chai inamwagika. Hadijah hakubishana naye. Aliendelea tu kukitumia kwa mambo madogo ya watu: funguo zilizookotwa, harusi, arubaini, mtoto aliyepotea sokoni na anayelia kwa mwenyekiti. Miaka ikaenda, na wazee wale wale wakaanza kumwomba wenyewe: Mama Shadiah, liseme na kwa Kiswahili, Wakenya wa huko barabarani nao wasikie.

Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyoonyesha. Mtu pekee aliyewahi kumweleza furaha hiyo alikuwa Phanice.

Phanice alitoka upande wa Bungoma, akaja Mbale na mume wake aliyekuwa dereva wa lori. Mume alipofariki, yeye hakurudi Kenya. Alifungua duka la nafaka na unga mkabala na nyumba ya Hadijah, na kwa muda mrefu wanawake hao wawili wakaishi kama watu wa ua mmoja. Hadijah alipofiwa na mumewe, Phanice, mwimbaji wa kwaya kanisani, alijitanda leso akakaa naye kwenye mkeka matanga yote, akipika na kuosha vyombo bila kuambiwa. Naye Phanice alipokamatwa kwa ajili ya karatasi zake za ukaazi, Hadijah alikwenda kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu asubuhi, akimwita kila aliyepita "afande, tafadhali", mpaka walipochoka kumwona wakamwachia rafiki yake. Kila mmoja alimwita mwenzake kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Shadiah, Mama Cleophas.

Dukani kwa Phanice palikuwa na msichana aliyeitwa Beverlyne, mpole, mwepesi wa kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akikaanga soya na karanga, akachanganya na mahindi, nafaka ya wimbi na dagaa, vikasagwa kuwa unga wa uji wa watoto. Baada ya kukaa hapo muda alijitegemea. Akapanga chumba karibu na kona ya msikiti, akapata mashine ndogo ya kusagia, na nje ya mlango akaweka sufuria ya uji wa moto kwa wapitao. Unga wake ulikuwa laini na ulinukia. Akina mama wakaanza kuhama, mmoja leo, mwingine kesho.

"Nilimfundisha kukaanga soya," Phanice alilalamika, "sasa ananikaanga mimi."

Hadijah alicheka, na Phanice naye akacheka. Kile ambacho Hadijah hakumwambia ni kwamba asubuhi kadhaa, akitoka kununua mkate, alipita kona ya msikiti na kunywa kikombe cha uji wa Beverlyne amesimama, harakaharaka, kama mwanafunzi anayekula darasani. Aliona hakuna ubaya, ila hakuona haja ya kumuumiza rafiki yake kwa kumweleza.

Shule zilikuwa zimefungwa siku Phanice alipoingia kwa Hadijah asubuhi bila kubisha hodi, leso imemwanguka begani, macho mekundu.

"Mama Shadiah, Griffin anakufa."

Griffin alikuwa mtoto wa Cleophas, mjukuu wa pekee wa Phanice. Hadijah alimkalisha, akamshika mikono, na habari ikatoka vipande vipande. Mtoto alitapika usiku kucha. Wamemkimbiza hospitali. Daktari ameuliza amekula nini, wakasema uji, unga ambao mama yake alinunua kwa Beverlyne. Na hapo wodini kuna watoto wengine, Phanice alisema, wa akina mama asiowajua, nao unga ni huo huo.

Hadijah aliuliza swali moja tu, kama ana hakika ni unga ule.

"Mimi ni bibi yake. Nimeyafuta matapishi yake kwa mikono hii." Phanice alinyoosha mikono. "Wewe una spika. Watoto wa watu wako mezani sasa hivi wanakunywa."

Hadijah akawasha mashine. Baadaye alijaribu mara nyingi kuikumbuka ile nafasi kati ya kuwasha na kusema, kama ndani yake palikuwa na wazo lolote. Hakukumbuka wazo. Alikumbuka tu kwamba alisikia haraka, na kwamba haraka ile ilifanana na wema.

"Tangazo, tangazo. Wazazi wote wa Namakwekwe. Msiwape watoto uji wa unga wa Beverlyne wa kona ya msikiti. Watoto wako hospitali. Narudia, msiwape watoto unga wa Beverlyne."

Alisema kwa Lumasaba, kwa Luganda na kwa Kiswahili.

Kelele zilianza hata kabla hajazima. Alidhani ni akina mama wanaitana majumbani. Alipotoka na kufika kona ya msikiti, umati ulikuwa umeshajaa njia. Beverlyne alikuwa amesimama mlangoni, akiapa kwamba unga wake ni mzima. Alipoona hakuna anayemsikiliza, alichota unga mbichi kwa kiganja akautia mdomoni mbele ya watu, akatafuna, akakabwa, akachota tena. Sufuria ya uji ikapinduliwa kwa teke. Vijana wakaburuta magunia nje wakayapasua, na mtu fulani akaitoa mashine ya kusagia akaibwaga kwenye mtaro. Jiwe lilitoka nyuma likampata msichana juu ya jicho. Hadijah alipiga kelele watu waache, lakini sauti yake, bila spika, ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja tu katikati ya wengi. Wamboga, mwenyekiti wa mtaa, alifika akihema, akamkinga Beverlyne kwa mwili wake, akampakia kwenye boda boda na kumpeleka Malukhu kwa shangazi yake. Kisha akafunga chumba kwa kufuli. Barabara ilibaki nyeupe, na kuku wa mtaa mzima wakaja kula.

Siku iliyofuata Hadijah alichemsha maziwa, akayatia kwenye chupa, akaenda hospitali kumwona Griffin. Wodi ya watoto aliizunguka yote. Muuguzi alimtafutia jina akalikosa, na alipoulizwa kuhusu watoto waliodhuriwa na uji akamtazama kwa mshangao, akasema wodini kuna malaria, kuna kifua, kuna mmoja aliyevunjika mguu. Hadijah alifikiri amekosea hospitali. Alirudi akamuuliza Phanice. Phanice, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, alisema mtoto amepata nafuu, amepelekwa mji wa Jinja kupumzika kwa Mitchelle, dada yake Phanice, huko Mafubira.

"Mungu mkubwa," Hadijah alisema, na maziwa akampa jirani.

Siku chache baadaye mashine yake ya kutangazia iliharibika, na fundi aliyeiweza yuko Jinja. Hadijah alidamka akaenda huko. Alipomaliza na fundi akaona si vizuri kurudi bila kumjulia hali mgonjwa. Akanunua mkate na machungwa, akapanda hadi Mafubira, nyumbani kwa Mitchelle, alikowahi kufika na Phanice kwenye ubatizo wa mtoto.

Griffin alikuwa uani, hana shati, anapiga mpira wa matambara ukutani. Alimkimbilia akamsalimu, akauliza kama machungwa ni yake. Mitchelle alitoka na mikono yenye sabuni, amefurahi kumwona mgeni.

Hadijah aliuliza mtoto anaendeleaje na ule ugonjwa.

"Ugonjwa gani? Huyu?" Mitchelle alicheka. "Huyu yuko kwangu tangu shule zifungwe, mama. Hata mafua hajapata. Ananimalizia chakula tu."

Hadijah alisema labda amesikia vibaya, uzee huo. Akakaribishwa chai, akainywa. Aliuliza habari za majirani, akasifu mapazia. Hakutaka Mitchelle ajue amegundua nini, kwa kuwa aibu haikuwa ya Mitchelle. Njiani kurudi alipita mashamba ya mpunga ya Tirinyi ambayo siku zote humpendeza, na alipofika Mbale hakukumbuka kuyaona. Alichokiona njia nzima ni kitu kidogo ambacho hata mtoto angekiuliza: nyumba ya Phanice imejaa unga wa uji mpaka darini. Kwa nini mkwe wa Phanice aende kununua kwa Beverlyne?

Aliingia dukani kwa Phanice, akasubiri mteja aliyekuwepo aondoke.

"Nimemwona Griffin," alisema.

Phanice alikuwa anafunga mfuko. Aliendelea kuufunga. "Anaendeleaje?"

"Mama Cleophas, usinifanyie hivyo."

Phanice aliuweka mfuko chini. Hakulia safari hii. Alisema duka lilikuwa linakufa, na hakuna aliyemwonea huruma. Alisema yule msichana alikuja kwake hajui kushika ungo, akaondoka na ujuzi wake wote na wateja wake wote.

"Hata wewe," alisema. "Ulikuwa unakunywa uji wake umejibanza kwenye kona. Unafikiri sikukuona?"

Hadijah aliuliza kama Phanice alijua watu wangefanya nini.

"Mimi nilisema neno kwa rafiki yangu, ndani ya nyumba yake. Mtu haruhusiwi kusema na rafiki yake? Aliyeuambia mji ni wewe. Mimi sina spika."

"Ulijua nitatangaza."

"Nilijua utaniamini," Phanice akasema.

Hadijah alitoka. Alikaa kitandani kwake na viatu miguuni. Alikuwa amewahi kudanganywa na wateja, na wanaume, na hata na ndugu, na kila mara alikasirika na hasira ikaisha. Hili halikuwa kama hasira. Mtu aliyemjua kuliko wote alikuwa ameyapima yote anayoyajua juu yake, jinsi anavyopenda watoto, jinsi asivyoweza kuona chozi akakaa kimya, jinsi anavyojivunia sauti yake, kisha akaishika hiyo sauti kama mtu anavyoazima panga kwa jirani.

Alikwenda kwa Wamboga akamweleza yote. Alimwambia anataka kutangaza ukweli, na jina la Phanice atalitaja, kwa sababu ni haki yake kusema alichotendewa.

Wamboga alimsikiliza mpaka mwisho. "Haki unayo, Mama Shadiah, sikunyimi. Sema unga ulikuwa mzima, sema ulidanganywa. Lakini ukitaja jina, kesho nitakuwa nafunga kufuli kwenye mlango mwingine. Na yule ni Mkenya. Kwake hawataishia kumwaga unga."

"Kwa hiyo yeye akae salama?"

"Polisi nitawapelekea mimi mwenyewe. Wao wakimwita, ataitika. Spika haina mahakama."

Alirudi akakaa mbele ya kipaza sauti, jina la Phanice liko ulimini. Kupitia dirisha aliweza kumwona akipima unga. Hakuwahi kutamani kusema neno lolote kama alivyotamani kusema lile. Akawasha. Akasema kwamba unga wa Beverlyne ulikuwa safi, kwamba hakuna mtoto aliyeugua, kwamba yeye, Hadijah, alipewa uongo akautangaza bila kwenda kuuangalia kwa macho yake. Akamwomba Beverlyne radhi mbele ya mtaa wote. Akasema kwa lugha zote tatu, akazima, na jina likabaki mdomoni mwake chungu kama mwarobaini.

Watu walimjia mlangoni. Wote walitaka jambo moja: nani alikuambia? Alisema mambo yako kwa mwenyekiti na polisi. Hawakuridhika. Wale wale waliopasua magunia sasa walimwona yeye ndiye aliyewatia aibu, na kwa kuwa hakutaja mtu, wakasema hapakuwa na mtu. Ametunga mwenyewe, au amehongwa. Wengine wakasema hicho ndicho Kiswahili chenyewe walichokijua zamani. Polisi walimwita Phanice mara moja, naye akakana kila kitu. Maneno yalisemwa chumbani, wawili tu, na hakuna aliyesikia. Akarudi kuuza.

Shadiah, binti yake, ndiye aliyemletea lililobaki. Alikuwa kwenye foleni ya maji, akamsikia Phanice akiwaambia wateja kwamba hawa watoto wa askari ndivyo walivyo, ukiwapa nafasi ya kusema wanaumiza watu. Shadiah alitaka kwenda kumjibu. Hadijah alimkataza, akaingia jikoni akakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika. Ule uongo wa kwanza angeweza kuuelewa kidogo. Njaa na wivu ni vitu vya binadamu. Lakini haya ya baba yake alikuwa amemwambia Phanice peke yake, zile jioni za mkekani, jinsi alivyoteseka shuleni kwa kuitwa mtoto wa askari.

Alipopata nguvu alikwenda Malukhu. Shangazi yake Beverlyne alimkaribisha kwa baridi, akaenda nje. Msichana alikuwa na kovu jipya lililokata nyusi. Alimwamkia kwa heshima, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, na heshima hiyo ilimchoma Hadijah kuliko matusi.

Alimwomba msamaha. Alieleza alivyodanganywa, na aliyemdanganya, kwa kuwa aliona Beverlyne ana haki ya kujua.

"Nilijua ni yeye," Beverlyne alisema. "Siku ile ile nilijua. Nyumba imejaa unga, wanunue wangu? Lakini mama, yeye hakuwa rafiki yangu. Wewe ulikuwa unakunywa uji wangu. Ulikuwa unaniuliza mama yangu kijijini anaendeleaje. Kutoka kwako mpaka kwangu hakuzidi muda wa kuwasha jiko. Ungekuja ukaniuliza."

Hadijah alisema ni kweli.

"Jina langu ulilitaja kwa lugha tatu. La kwake hukulitaja hata kwa moja."

Alijaribu kueleza alichoambiwa na Wamboga, juu ya mlango mwingine na Mkenya na umati, na alipokuwa akieleza aliona kwamba yote ni kweli na hayamsaidii kitu msichana aliyekaa mbele yake. Kwake yeye hakuna aliyefikiria hivyo kabla ya kusema. Akaacha kueleza, akasema kwamba Beverlyne akianza tena biashara, atamtangazia bure, kila asubuhi, mpaka mji wote urudi kwake.

"Hapana, mama. Jina langu lisipite tena kwenye spika yako, hata kwa kunisifu. Hilo ndilo ninaloomba."

Hadijah aliahidi, na ameishika ahadi. Beverlyne sasa anauza unga huko Malukhu, kwa mashine aliyonunuliwa na kaka yake, na akina mama wengine wa Namakwekwe huvuka mji kwenda kwake. Hadijah anawaelekeza kwa mdomo, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini.

Spika bado ipo. Lakini mtu akileta tangazo linalomgusa mwingine, Hadijah huvaa viatu akaenda kwanza kuona, na kumwuliza anayetajwa. Hilo humchelewesha, na wateja hawapendi kucheleweshwa. Wengi wamehamia kwa kijana wa sokoni mwenye spika mpya, anayetangaza chochote alicholetewa kabla hujamaliza kukieleza. Kuna siku Hadijah hushinda bila hata tangazo moja, na asubuhi za Namakwekwe zimekuwa kimya kidogo.

Sikukuu ya Idi iliyopita, jirani alibisha hodi na sahani iliyofunikwa kitambaa. Ilikuwa na kuku wa kienyeji, aliyepikwa kwa namna ambayo Hadijah angeitambua hata gizani. Jirani alisema imetoka ng'ambo ya barabara, akaondoka haraka. Hadijah aliiweka mezani, akaitazama. Shadiah aliuliza waitupe au wairudishe. Hadijah alisema chakula hakitupwi, akamwambia awagawie watoto wa uani. Yeye hakuonja. Kisha akaiosha ile sahani mwenyewe, akaikausha kwa kitambaa, akamtuma Shadiah airudishe bila salamu.

Shadiah aliporudi alisimulia kwamba mahari ya binti wa fulani imerudishwa, jambo la kuchekesha sana, mtaa mzima unalizungumza. Hadijah alicheka. Halafu, kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amesimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, anataka kuvuka barabara akamsimulie Phanice. Alisimama hapo kidogo. Akaachia kitasa, akarudi kukaa.